Siku Zita Ndunguru Alipohamisha Majina Matatu

Zita Ndunguru alikuwa mtu wa kushangaa, na wenzake kazini walikwisha kumzoea hivyo. Wengine hushangaa kitu siku ya kwanza, siku ya pili wakakipita kama jiwe la njiani. Zita hakuwa na siku ya pili. Alikuwa binti wa wakulima wa Mpepai, amekua akilima ngolo, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo, na mama yake kwenye mteremko, na alipomaliza mafunzo ya kupiga chapa akaajiriwa na kampuni ya kahawa ya Lumeme pale Mbinga mjini. Mwaka ulikuwa 1994, wanunuzi binafsi ndiyo kwanza wameruhusiwa kuingia vijijini kununua kahawa, na kila kampuni ilitafuta karani aliyejua kuandika barua isiyo na makosa.

Mwaka 1999 kampuni ilileta kompyuta ya kwanza, na Zita ndiye aliyeandika baruapepe ya kwanza kutoka ofisini mwao. Ilikuwa barua fupi ya kumuuliza mnunuzi mmoja wa Hamburg kama sampuli zimemfikia. Modemu ililia kama paka aliyekanyagwa, ikanyamaza. Zita akamimina chai. Kabla hajaifikia nusu ya kikombe, jibu likaingia: zimefika, ni nzuri, asante.

Alitoka nje akasimama nyuma ya ghala, akatazama juu, ingawa alijua wazi kwamba barua ile ilipita kwenye waya wa simu. Mpagazi mmoja akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Kuna mtu yuko Ulaya amenijibu kabla chai yangu haijapoa."

Walimcheka wiki nzima. Lakini kilichomshangaza kilimvuta akijue, na kadiri alivyokijua ndivyo kilivyozidi kumshangaza. Kampuni ilipofunga dishi la setilaiti na kununua mashine yake yenyewe ya kuhifadhi na kugawa barua, wenyewe wakiiita seva, hakuna aliyeuliza nani ataitunza. Iliwekwa katika chumba kidogo kando ya chumba cha kuonjea kahawa, na Zita akapewa ufunguo. Alijifunza kwa kitabu kinene na kwa kumpigia simu Rodrick, fundi wa kampuni moja ya mtandao ya Dar es Salaam, ambaye hakuwahi kumwona uso wake ila alimjua kwa kikohozi.

Sasa tufike mwaka 2005, mwezi wa tano, ambapo mkurugenzi alimwita ofisini kwake.

Mkurugenzi aliitwa Emilian Kapinga, mtu mnene wa maneno machache, aliyejenga Lumeme kwa mikono yake na baadaye akanunua kampuni nyingine mbili: Hagati, waliouza mbolea na dawa za kahawa, na Chiwindi, waliokuwa na boti za mizigo na biashara ya samaki kule Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa.

"Shikamoo, mzee," Zita akasema.

"Marahaba. Kaa. Mashine ile inazeeka, na umeme wetu wa kupanda na kushuka unaimaliza. Nimekubaliana na watu wa Dar, kina Rodrick, barua zetu zihamie kwao kwenye mashine mpya. Utahamisha wewe."

"Mimi, mzee?"

"Kuna Zita mwingine hapa? Na ukishahamisha nataka jina moja tu. Lumeme. Hayo ya Hagati na Chiwindi tuyazike. Nimechoka kuulizwa na wanunuzi sisi ni kina nani. Msimu unafunguliwa mwezi wa saba, iwe tayari."

Hapa yafaa kueleza jambo dogo. Kila anwani ya baruapepe ina pande mbili. Upande wa kwanza ni jina la mtu. Upande wa pili, ule unaofuata alama ya @, ni kama jina la nyumba anamoishi mtu huyo, na mafundi huuita domeni. Mashine ya Zita ilikuwa na nyumba tatu: lumeme, hagati na chiwindi. Alichokitaka mkurugenzi ni nyumba mbili zibomolewe, na watu wote wahamie katika ile moja.

Zita alimpigia Rodrick.

"Usibomoe kwanza," Rodrick akamwambia, akakohoa. "Ziunganishe hapo hapo kwenye mashine ya zamani. Iambie kwamba barua ya Chiwindi na ya Hagati ni sawasawa na ya Lumeme. Kaa wiki moja, tazama kitakachotokea."

Siku mbili hakikutokea kitu. Siku ya tatu, asubuhi, William Hyera akaingia kwenye chumba cha mashine.

William alikuwa mwonja kahawa. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuvuta kahawa kwa kijiko, kuizungusha mdomoni na kuitema, na labda kwa ajili hiyo maneno aliyatoa kwa nadra. Siku hiyo alikuwa na karatasi mkononi, barua aliyoichapa kutoka kwenye kompyuta.

"Dada Zita, mimi nimeoa mwaka wa kumi na tisa huu, Mungu hajatujalia mtoto. Ni nani ananiita baba?"

Zita akaichukua karatasi. Ilikuwa imeandikwa hivi: *Baba, shikamoo. Majina yametoka leo. Nimechaguliwa chuo cha uuguzi. Tafadhali usimwambie mama, nataka nimwambie mwenyewe nikishuka kwenye boti. Mwanao, Glorious.*

Akatazama anwani iliyo juu, na mara akaelewa. "Si yako, kaka William. Huko Mbamba Bay kuna William Kumburu, fundi wa injini za boti. Barua imeandikwa william, nyumba ya Chiwindi. Mimi nimeiambia mashine nyumba zote ni moja, basi ikamtafuta William, ikakukuta wewe."

"Nilijua si yangu," William akasema. "Lakini niliisoma mara tatu."

Aliikunja karatasi vizuri, akaiweka juu ya meza kama mtu anayeweka kitu kinachovunjika. "Mfikishie leo leo. Mtoto asije akadhani baba yake amenyamaza."

Zita alimpelekea yule fundi wa boti barua yake saa ile ile, kisha akarudisha nyumba tatu kama zilivyokuwa. Miaka yote alikuwa akishangaa jinsi barua inavyojua njia, na hakuwahi kufikiri kwamba jina moja la nyumba likikosewa, furaha ya mtoto inaweza kuangukia kwa baba mwingine. Akajiuliza ni kina William wangapi wengine wamo ndani ya mashine ile.

Mashine huweka kumbukumbu za kila barua inayoingia: nani kaandika, anamwandikia nani, saa ngapi. Zita akazifungua za miezi sita, akaanza kuandika majina kwenye karatasi. Lumeme, watu ishirini na wanane, wote akiwajua. Hagati, watu tisa. Akaja Chiwindi. Ofisi ya Chiwindi ilikuwa na waajiriwa sita. Akaandika jina la saba, la nane, la kumi na tano. *Mamasiwema. Mwalimu.edmund. Kwaya. Albina.lituhi. Tarsisi.ngumbo. Babu.* Alipofika mwisho akahesabu: ukiwatoa wale sita, majina arobaini na matatu, na barua zikiingia kila siku, kutoka nchi ambazo nyingine alilazimika kuzitafuta kwenye ramani ya ukutani.

Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekuwa na sanduku kwenye mashine. Fundi aliyeifunga mashine, zamani, alikuwa ameipa agizo kwamba barua yoyote ya Chiwindi isiyo na mwenyewe iangukie katika sanduku moja kubwa la ofisi.

Alipiga simu Mbamba Bay kwa karani wa Chiwindi, Mansuetus Nombo. Laini ilikuwa ikipotea na kurudi.

"Kaka Mansuetus, huyu Babu ni nani?"

Mansuetus akacheka. "Ah, Dada Zita. Hayo hayasemeki kwenye simu. Shuka uone mwenyewe."

Akashuka. Dereva Urbani alikuwa anapeleka mbolea ya Hagati upande ule, wakatoka alfajiri na pikapu ya kampuni. Zita alikuwa ameliona ziwa mara moja tu, akiwa mwanafunzi, tena siku ya mvua. Safari hii, gari lilipopinda kona moja ya mteremko, Nyasa ikatokea mbele yao yote kwa mpigo. Kutoka kule juu maji hayakuonekana yamelala. Yalisimama kama ukuta wa buluu uliofika katikati ya mbingu, na milima ya ng'ambo ikaonekana juu yake kama moshi.

"Urbani, simama kidogo."

"Dada, mbolea."

"Mbolea haiozi. Simama."

Akashuka, akakaa juu ya jiwe mpaka Urbani alipopiga honi mara ya pili.

Ofisi ya Chiwindi ilikuwa chumba kimoja karibu na gati, na harufu ya usipa mbichi, wale dagaa wa ziwani, iliingia bila kubisha hodi. Juu ya bati kulikuwa na dishi la setilaiti waliloachiwa na mradi fulani wa samaki uliokwisha. Mansuetus, mtu mrefu mwenye miwani iliyopasuka kioo kimoja, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu. Pole na kona. Haya, tazama."

Ukuta mzima nyuma ya meza yake ulikuwa umepigiliwa makreti ya samaki, yameoshwa na kukaushwa, na kila kreti limeandikwa kwa mkaa: Liuli. Ngumbo. Lituhi. Chiwindi. Mengine yalikuwa ya vitongoji ambavyo Zita hakuwahi kuvisikia. Ndani ya kila moja kulikuwa na karatasi zilizokunjwa na kubanwa kwa pini.

"Ilianza na mtu mmoja," Mansuetus akasema. "Mama mmoja wa Ngumbo, mwanawe ni baharia kwenye meli za mizigo, posta ilikuwa haimpati kwa sababu yeye mwenyewe hajui wiki ijayo atakuwa bandari gani. Nikamwambia mama, mwandikie mwanao atumie anwani ya ofisi, aweke jina lako mbele. Jina lolote, itafika tu. Nami nikiipata naichapa, naipa boti. Akamwambia jirani. Jirani akamwambia mwalimu. Mwalimu akaiambia kwaya."

"Na majibu je?"

"Wanakuja, wanasema, mimi naandika. Au wanaandika wenyewe kwenye karatasi, boti inaniletea, nakopi."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na mkurugenzi anajua?"

Mansuetus akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Hajaniuliza."

Wakiwa bado wanazungumza, mama mmoja mtu mzima akabisha hodi. Alikuwa amevaa kanga mbili zinazofanana na ndala zilizolowa maji. Boti ilikuwa imemshusha muda ule. Zita akainuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Huyu ndiye Mama Siwema," Mansuetus akasema, akanyoosha mkono kwenye kreti la Ngumbo. "Ndiye niliyekuwa nakusimulia. Mama, barua yako hii hapa. Na huyu ni Dada Zita wa Mbinga, ndiye anayekaa na mashine."

Mama Siwema aliipokea barua, akatoka nayo, akakaa kwenye ngazi ya mlango akiwapa mgongo. Waliona mabega yake tu na kichwa kikisogea taratibu kufuata mistari. Alipomaliza alirudia tangu mwanzo. Kisha akarudi ndani, akasimama mbele ya Zita.

"Florian yuko Brazili," akasema. "Bandari inaitwa Santosi. Anasema kuna mvua. Mwanangu, hii barua ilipita mikononi mwako?"

"Haipiti mikononi, mama. Inapita..." Zita akaonyesha dishi juu ya bati, kisha akaelekeza kidole mashariki, Mbinga ilipo, kisha juu tena.

Mama Siwema hakujali dishi. "Anaandika jina langu peke yake? Bila sanduku la posta, bila wilaya?"

"Jina lako, na Chiwindi."

"Chiwindi hii ya mpakani? Yenye nyumba chache zile?"

"Jina hilo hilo. Kampuni ililichukua kwa sababu boti yao ya kwanza ilitoka huko."

"Basi mashine za Brazili zinaijua Chiwindi," mama akasema polepole. Akacheka, akaziba mdomo kwa kanga. "Mimi mwenyewe sijafika!"

Zita aliwahi kusoma katika kitabu chake kinene ukurasa mzima unaoeleza jinsi mashine moja inavyoiuliza nyingine nyumba ya mtu iko wapi, nayo inauliza nyingine, mpaka jibu lipatikane. Aliuelewa ukurasa ule. Lakini hapo, mbele ya mama aliyelowa miguu, ndipo alipouona: maelfu ya mashine ambazo hakuna mtu anayezijua zote, zinaulizana usiku na mchana Chiwindi ni wapi, na zinajibiana kwa uaminifu, ili karatasi moja ifike kwenye kreti la usipa lililoandikwa Ngumbo. Akajifunika vizuri kitenge chake kana kwamba ni baridi.

Mama alipoondoka, Mansuetus akauliza, "Nasikia jina linazikwa."

"Ndivyo nilivyoagizwa."

"Wakiandika baada ya hapo?"

"Barua itarudi kwa aliyeituma. Ataambiwa hakuna mtu huyo."

Mansuetus akatazama makreti yake.

Zita alirudi Mbinga na orodha ya majina arobaini na matatu aliyoiandika kwa mkono wake, kila jina na kijiji chake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alimjua mkurugenzi: habembelezeki. Alilala vibaya, akaamka akaenda ofisini kwake akiwa amekaza moyo kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Emilian Kapinga alisoma orodha kutoka juu hadi chini. Akarudia.

"Hawa wote ni wafanyakazi wa nani?"

"Si wafanyakazi, mzee. Ni watu wa ziwani. Barua zao zinaingilia kwetu kwa jina la Chiwindi."

"Sisi si posta, Zita."

"Najua, mzee. Lakini jina hilo watu wamelipeleka mbali. Kuna baharia anaandika kutoka Brazili. Na hata kwa kazi yetu wenyewe, tukiweka jina moja, William wawili wanagongana, Mariana wawili wanagongana, na barua ya fundi inasomwa na mwonja. Ilikwisha kutokea. Ninachoomba ni..."

"Mashine hiyo mpya," mkurugenzi akamkata, "inaweza kubeba majina yote matatu?"

"Inaweza, mzee. Kila jina na nyumba yake, na kila nyumba na watu wake. Hata mia ingebeba."

Mkurugenzi akamtazama. "Sasa tunabishana nini? Mimi nilidhani mashine moja, jina moja. Wewe fundi ndiye ungeniambia." Akamrudishia karatasi. "Sisi wa ofisini tutaandika kwa jina la Lumeme, wanunuzi wasichanganyikiwe. Hayo mengine yaache yaishi. Ila mwambie Mansuetus sitaki sanduku moja la kumwagia kila kitu. Kila mtu awe na lake, lenye jina, tujue nani ni nani."

Zita akatoka na maneno yote aliyoyapanga yakiwa bado kinywani, hayana pa kwenda.

Kazi ikaanza. Alimfungulia kila mtu sanduku lake kwenye mashine mpya ya Dar, jina kwa jina, nyumba kwa nyumba. Akina William wakawa wawili, kila mmoja kwake, hawaonani. Akanakili barua za zamani zote, miaka yote, usiku na mchana zikipanda kwenye dishi kidogo kidogo. Rodrick akamfundisha jambo moja ambalo alilikariri kama katekisimu. Mashine za dunia, alisema, zikishaambiwa nyumba fulani iko wapi, hukaa na jibu hilo kichwani siku nzima kabla ya kuuliza tena. Ukihama ghafla, zitaendelea kupeleka barua mlango wa zamani. Kwa hiyo siku nne kabla ya kuhama, unatoa tangazo: jibu hili likumbukeni kwa dakika tano tu. Nazo zinatii.

"Zote?" Zita akauliza.

"Karibu zote. Chache ni kaidi. Ndiyo maana mashine ya zamani usiizime mapema."

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumapili, kwa kuwa barua za kazi ni chache. Zita alisali misa ya kwanza, akaenda moja kwa moja ofisini na nguo zake za kanisani. Rodrick alikuwa kwenye simu huko Dar. Wakaanza na Hagati, iliyo ndogo kuliko zote. Zita akabadili mstari mmoja, mstari ule unaoiambia dunia nyumba iko wapi. Wakangoja. Rodrick akatuma barua ya majaribio kutoka anwani ya nje. Ikafika kwenye mashine mpya. Wakahamisha Lumeme. Ikafika.

Wakahamisha Chiwindi. Barua ya majaribio ikamrudia Rodrick na maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha: hapa hatumjui mtu huyo.

"Jaribu tena," Zita akasema.

Ikarudi tena. Rodrick akatafuta kule, Zita akatafuta huku. Saa nzima ikapita. Rodrick akaanza kukohoa kwa hasira. Zita aliwaza barua zinazotoka wakati ule ule bandarini, chuoni, hospitalini, kila moja ikifika kwenye mlango mpya na kufukuzwa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa William Hyera, mwonja, akitoka misa ya pili, kofia mkononi.

"Nilikuwa napita tu," akasema. "Nilitaka kujua kama yule binti baba yake alimjibu."

"Alimjibu, kaka William. Siku ile ile. Njoo hapa unisaidie macho, yangu yamechoka." Akamsogezea kiti mbele ya kompyuta. "Hii ni orodha ya nyumba ambazo mashine mpya imeambiwa izipokee. Nisomee herufi moja moja, mimi natazama karatasi."

William akainama karibu na kioo. Alisoma Lumeme, herufi zote sita, bila haraka. Alisoma Hagati. Kisha akasoma, "Ch. I. W. I. D. I."

"Rudia."

"Chiwidi."

Zita akaruka akasimama. Alikuwa ameisahau N. Kwa herufi moja, pwani nzima ilikuwa imebaki nje ya mlango. Akaiweka, akamwambia Rodrick ajaribu. Barua ya majaribio ikaingia. Rodrick akapiga kelele huko Dar kama mtu aliyefunga goli.

Kisha ikaingia barua nyingine, ambayo si ya majaribio. Ilikuwa inakwenda kwa Albina wa Lituhi. Zita hakuifungua, tangu siku ya barua ya Glorious alijiwekea mwiko wa kutosoma ya ndani. Lakini juu ya kila barua kuna mihuri ya njia, kila mashine iliyoibeba ikigonga jina lake na saa yake, na mihuri hiyo husomwa kutoka chini kwenda juu. Hiyo akaisoma, na William akasoma naye, kidole cha Zita kikipanda mstari kwa mstari.

Imetoka Nkhata Bay, ng'ambo ya ziwa. Imekwenda London. Imevuka bahari ikafika Marekani. Imerudi Afrika, Dar es Salaam. Imeingia nyumba ya Chiwindi.

"Nkhata Bay si ile pale mkabala na Mbamba Bay?" William akauliza.

"Ndiyo."

"Na imezunguka kote huko?"

"Kote. Tazama saa za mihuri. Sekunde kumi na nne."

William akageukia dirisha. "Boti huchukua saa kadhaa," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kama aliye bado kanisani, "Na hata mara moja haikumpoteza huyo Albina."

Zita akarudisha kidole kwenye mstari wa chini. Walikaa hivyo, wawili, wakitazama mistari mitano ya maandishi madogo, mpaka Rodrick alipouliza kwenye simu kama laini imekatika.

Msimu wa kahawa ulifunguliwa na hakuna mnunuzi aliyejua kwamba kitu chochote kilihama. Mansuetus alipata orodha yake yenye masanduku yenye majina, akalalamika kidogo, kisha akaizoea. Makreti yake yaliendelea kujaa miaka mitatu minne, mpaka minara ya simu ilipoanza kusimama ufukweni na watu wakaanza kusikia sauti za wanao badala ya kuzisoma. Hata hivyo jina la Chiwindi halijafutwa. Zita hulilipia ada yake kila mwaka na hakuna anayemuuliza.

Mashine ya zamani aliiacha ikiwaka, kama alivyoambiwa. Kila asubuhi aliifungua kuona kama kuna mashine kaidi mahali fulani duniani ambayo haijasikia habari za kuhama. Wiki ya kwanza barua kumi na moja zilikuja mlango wa zamani, naye akazipeleka mpya moja moja. Wiki ya pili, barua tatu. Siku ya kumi na tisa ikaja moja tu, kutoka kisiwa fulani cha kaskazini ya mbali. Baada ya hapo, hakuna. Alingoja wiki tatu nyingine kwa ajili ya heshima tu.

Siku aliyoamua kuizima ilikuwa alasiri ya kawaida. Akakagua mara ya mwisho, akabonyeza kitufe. Feni ikapunguza mlio, ikapunguza, ikasimama. Miaka minne chumba kile hakikuwahi kunyamaza. Zita akasimama mkono ukiwa bado juu ya bati la mashine lenye joto, na kupitia ukutani, kwa mara ya kwanza tangu apewe ufunguo ule, akawasikia wanawake wa ghalani wanaochambua kahawa: walikuwa wanaimba kwa Kimatengo, na punje zilikuwa zikianguka ndani ya beseni kama mvua nyepesi. Akasikiliza wimbo mpaka ukaisha. Kisha akachomoa waya, akaukunja, akaenda kumwita Urbani waje waibebe.